Walioyatazama Makohozi

Mwaka 1956 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya jaribio lililosubiriwa kwa hamu. Miaka michache kabla ya hapo kotisoni ilikuwa imewainua vitandani wagonjwa wa baridi yabisi huko Marekani, na Philip Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1950 kwa kazi hiyo. Madaktari wa kifua walitaka kujua kama dawa hiyo ingewafaa watu wa pumu sugu, wale wanaoamka usiku wa manane na kukaa kitako, mikono magotini, wakiitafuta pumzi. Baraza likawagawa wagonjwa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kotisoni, jingine likapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya miezi kadhaa hesabu ikafanywa: nafuu iliyoonekana mwanzoni ilikuwa ndogo, nayo ilififia kadiri siku zilivyokwenda. Kwa wastani, kotisoni haikuwa na maana kubwa kwa pumu ya muda mrefu.

Katika mji wa Derby, katikati ya Uingereza, daktari wa kifua Harry Morrow Brown hakuridhika na wastani huo. Alikuwa akitumia prednisoloni, dawa mpya ya jamii ileile ya kotisoni, na kliniki yake ilimwonyesha mambo mawili yasiyopatana. Wapo waliomeza vidonge wakapata nafuu ambayo hawakuwa wameipata kwa miaka. Wapo wengine, wenye kukohoa na kubanwa vilevile, ambao hawakuambulia chochote zaidi ya madhara ya dawa.

Brown akafanya kazi ambayo hospitali nyingi ziliiona ya uchafu na ya kupoteza muda. Alichukua makohozi ya wagonjwa, akayapaka kwenye kioo, akayatazama kwa hadubini. Alikuwa akitafuta aina moja tu ya chembe nyeupe za damu, eosinofili. Wagonjwa ambao makohozi yao yalijaa chembe hizo ndio waliofaidika na prednisoloni. Ambao hawakuwa nazo, hawakufaidika. Matokeo yake yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1958, miaka miwili tu baada ya ripoti ya Baraza.

Maana yake ilikuwa nzito. Jaribio la 1956 halikuwa limekosea hesabu. Lilikuwa limewaweka pamoja watu wenye maradhi tofauti yanayopiga mluzi mmoja kifuani, kisha likaipima dawa kwa wote kwa mpigo. Ukimimina maji ya moto na ya baridi katika ndoo moja, atakayetia mkono atasema maji ni vuguvugu, na atakuwa anasema kweli.

Chembe yenyewe ilikuwa imejulikana zamani. Mwaka 1879 Mjerumani Paul Ehrlich, kijana aliyependa kutia chembe za damu rangi za viwandani ili aone zitakavyozipokea, aligundua kuwa baadhi yake hunywa rangi nyekundu ya eosini hadi punje zake zikawaka kama kaa. Hata kabla yake, mwaka 1872, daktari Ernst von Leyden alikuwa ameona katika makohozi ya wenye pumu vifuwele vyembamba vyenye ncha pande zote mbili, vya aina ambayo Jean-Martin Charcot wa Paris aliieleza mwaka 1853. Leo inafahamika kuwa vifuwele hivyo hutokana na protini ya eosinofili zilizopasuka. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho ya watu kwa zaidi ya miaka 80 kabla ya mtu kuuliza unafaa nini katika kuchagua dawa.

Si kwamba waganga wa zamani hawakujua kuwa wagonjwa hawafanani. Musa bin Maimun, Myahudi mzaliwa wa Córdoba aliyekuja kuwa tabibu katika baraza la Salahuddin huko Misri, aliandika kwa Kiarabu, yapata mwaka 1190, risala nzima juu ya pumu kwa ajili ya mgonjwa mmoja wa tabaka la juu. Alimtazama mtu huyo kwa namna alivyoishi: alichokula, alivyolala, hewa aliyovuta. Alimshauri kuhusu hewa kavu ya Kairo, akausifu mchuzi wa kuku, na akasema wazi kuwa hana dawa moja ya kuumaliza ugonjwa. Karne nyingi baadaye, mwaka 1860, Henry Hyde Salter wa London alichapisha kitabu juu ya pumu akiwa mgonjwa wa pumu yeye mwenyewe. Salter aliandika jinsi kuwa karibu na paka kulivyomletea shambulio, na alisifu kahawa kali inayonywewa tumbo likiwa tupu, bila maziwa wala sukari. Hakuwa akibahatisha sana. Kafeini ni ndugu wa karibu wa teofilini, dawa iliyokuja kutumika sana kufungua njia za hewa katika karne iliyofuata.

Lakini Musa bin Maimun na Salter walimjua mgonjwa baada ya kukaa naye. Hawakuwa na kipimo cha kuwaambia, kabla ya dawa kutolewa, ni nani itamsaidia. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi ya Derby, na hapo ndipo inapostahili heshima kubwa kuliko iliyopewa.

Miaka ileile, upande wa pili wa Bahari ya Kaskazini, Uswidi nayo ilikuwa na ugunduzi wake. Huko Malmö, Carl-Bertil Laurell alikuwa mkuu wa maabara iliyopima protini za damu kwa kuzipitishia umeme juu ya ukanda wa karatasi. Protini hujitenga na kuacha mistari, kila moja mahali pake. Laurell alikuwa na tabia ya kukagua kanda hizo kwa macho yake. Katika kanda zipatazo 1,500 aliona 5 ambazo mstari mmoja, ule wa alfa-1, haukuwepo. Wengine wangedhani karatasi ni mbovu. Yeye alimpa kazi daktari kijana, Sten Eriksson, ya kuwatafuta wenye damu hiyo. Watatu kati ya watano walikuwa na mapafu yaliyoharibika na kupoteza mnyumbuko wake. Ripoti ilitoka mwaka 1963, na leo inafahamika kuwa kuna watu wanaozaliwa bila kinga ya kutosha dhidi ya vimeng'enya vya chembe zao wenyewe nyeupe, vimeng'enya ambavyo hula kuta za mapafu polepole. Ugonjwa uliokuwa ukiitwa kwa jina moja ulipata tawi lenye chanzo chake, linalopimika kwa tone la damu na kufuatiliwa katika ukoo.

Huko Groningen, Uholanzi, Profesa Dick Orie alikuwa akibishana na Waingereza juu ya majina. Mkutano wa wataalamu London mwaka 1958 ulikuwa umejaribu kutenganisha pumu, mkamba sugu na uharibifu wa vifuko vya hewa, kila kimoja na mpaka wake. Orie na wenzake waliona mipaka hiyo haifuatwi na wagonjwa. Walitaka kila mtu aelezwe kwa hali zake: ana mzio au hana, njia zake za hewa hushtuka kiasi gani, anavuta sigara, ana umri gani, ni mwanamume au mwanamke. Hoja yao ilipachikwa jina la nadharia ya Kiholanzi, ikazua mabishano ya miongo mingi, na mwisho wake ilitupwa pembeni kwa sababu majina yaliyotenganishwa yalirahisisha kazi. Kliniki yenye foleni ndefu hupenda jina moja na dawa moja.

Kazi ya Brown nayo ilizama, kwa sababu nzuri kuliko zote: dawa bora ilipatikana. Mwaka 1956 kampuni ya Riker ya Marekani ilikuwa imetoa chupa ndogo ya kwanza ya kupuliza dawa moja kwa moja kifuani. Inasimuliwa kuwa binti wa mkuu wa kampuni, aliyekuwa na pumu, alimuuliza baba yake kwa nini dawa yake haipulizwi kama marashi ya nywele. Salbutamoli ilifuata mwaka 1969, kutoka kwa David Jack na wenzake huko Ware, Uingereza, ikafungua njia za hewa bila kuushtua moyo sana kama zilivyofanya dawa zilizotangulia. Kisha mwaka 1972 ikaja beklometasoni, steroidi (yaani dawa ya jamii ya kotisoni) ya kuvuta ambayo hufanya kazi mapafuni na kuuacha mwili mwingine karibu salama. Mmoja wa waliochapisha majaribio yake ya kwanza alikuwa Morrow Brown mwenyewe.

Vidonge vya prednisoloni vilikuwa na gharama mwilini: mifupa kudhoofika, sukari kupanda, uso kuvimba. Ilikuwa lazima kujua nani anavihitaji. Dawa ya kuvuta ilikuwa laini kiasi cha kupewa kila mtu, hivyo haja ya kuchungulia makohozi ikaonekana imekwisha. Ulipofika mwanzo wa miaka ya 1990 miongozo ya tiba ilikuwa imejengwa kwa ngazi. Mgonjwa akiendelea kubanwa, panda daraja moja, ongeza dozi. Akitulia, shuka. Ngazi hiyo iliokoa maisha ya watu wengi sana na hakuna sababu ya kuibeza. Ila ilipima dalili tu, na mtu anaweza kubanwa kifua kwa unene, kwa wasiwasi, kwa maambukizi ya bakteria au kwa kutumia chupa ya dawa vibaya, na kwa kila moja ya hayo ngazi ilijibu kwa kuongeza steroidi.

Aliyerudisha hadubini mezani alikuwa Freddy Hargreave, Mwingereza aliyehamia Hamilton, Kanada, katika Hospitali ya St Joseph's. Tatizo la makohozi ni kwamba watu wengi wa pumu hawatoi ya kutosha, na wanachotoa kimechanganyika na mate. Hargreave na kundi lake wakaliendea jambo hili kwa subira ya fundi wa saa. Mgonjwa huvuta ukungu wa maji ya chumvi kali kuliko ile ya mwilini, kwa dakika chache kila mara, huku pumzi yake ikipimwa asije akabanwa. Hukohoa, akatema kwenye kikopo. Mpimaji humimina kilichotoka kwenye kisahani cha kioo, akachukua koleo ndogo na kuchambua vibonge vizito vinavyong'aa, akiyaacha mate pembeni. Vibonge hulainishwa kwa kemikali inayokata nyuzi za ute, huchujwa, hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, kisha chembe 400 huhesabiwa moja moja. Kwa mtu mwenye afya, eosinofili ni chache mno. Zikifika asilimia 3, jambo lipo. Katika miaka ya 1990 utaratibu huo ulielezwa kwa kinaganaga hadi maabara nyingine zikaweza kuufuata na kupata majibu yaleyale.

Kundi la Ian Pavord huko Leicester, Uingereza, likauweka kwenye mtihani wa kweli. Ruth Green na wenzake waliwachukua wagonjwa 74 wenye pumu ya wastani au kali. Nusu walitibiwa kwa ngazi ya kawaida, kwa kufuata dalili. Nusu walitibiwa kwa kufuata eosinofili: zikipanda, steroidi huongezwa, zikiwa chini, hupunguzwa, hata kama mgonjwa analalamika, na sababu nyingine ya malalamiko hutafutwa. Baada ya mwaka mmoja, waliofuata ngazi walikuwa wamepata mashambulio makali 109. Waliofuata makohozi walipata 35. Kutoka kundi la kwanza wagonjwa 6 walilazwa kwa pumu, kutoka la pili mmoja. Na jumla ya steroidi iliyotumika katika makundi hayo mawili haikutofautiana kwa maana. Dawa ilikuwa ileile, kiasi kilekile, ila imeelekezwa kwa wenyewe. Ripoti hiyo ilitoka mwaka 2002 katika The Lancet, jarida lilelile lililomchapisha Brown miaka 44 kabla.

Mtu angedhani somo lilikuwa limeingia. Halikuwa limeingia.

Wakati huohuo kampuni ya GlaxoSmithKline ilikuwa na kingamwili iliyotengenezwa maabara, mepolizumabu, inayonasa intalukini-5, ujumbe ambao mwili hutumia kuziita na kuzilea eosinofili. Sindano yake hufagia chembe hizo katika damu. Jaribio dogo la mwaka 2000 lilionyesha kwamba eosinofili zilishuka kweli, lakini njia za hewa zilizochokozwa kwa kizio ziliendelea kubana kama kawaida. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2007, lenye wagonjwa 362 ambao pumu yao haikutulia kwa steroidi za kuvuta, lilileta jibu lilelile: chembe zimeshuka, dalili na pumzi ziko palepale. Wengi walihitimisha kuwa eosinofili zilikuwa zimesingiziwa miaka yote hiyo.

Lakini wagonjwa hao 362 hawakuwa wamechaguliwa kwa makohozi yao. Walichaguliwa kwa kubanwa. Ilikuwa 1956 imerudi.

Leicester na Hamilton, sehemu mbili ambako makohozi yalikuwa yakitazamwa kila siku, zikaomba dawa hiyohiyo na kuipa watu wengine. Parameswaran Nair, aliyekuwa akifanya kazi na Hargreave, alichagua wagonjwa 20 tu: wote walikuwa wakiishi kwa vidonge vya prednisoni, ndugu ya prednisoloni, na wote bado walikuwa na eosinofili katika makohozi. Kati ya 9 waliodungwa mepolizumabu, mmoja tu ndiye aliyepata shambulio. Kati ya 11 waliodungwa sindano tupu, mashambulio yalikuwa 12. Waliopata dawa waliweza pia kupunguza vidonge vyao kwa kiasi kikubwa. Huko Leicester, Pranabashis Haldar, Pavord na wenzao waliwafuatilia wagonjwa 61 wenye pumu ya eosinofili inayorudiarudia. Katika muda wa takriban mwaka, waliopata dawa walikuwa na wastani wa mashambulio makali 2.0 kwa kila mgonjwa, na waliopata sindano tupu 3.4. Ripoti zote mbili zilichapishwa pamoja katika New England Journal of Medicine mwezi Machi 2009. Jaribio la watu 20 lilikuwa limeona kile ambacho jaribio la watu 362 halikukiona.

Mwaka 2012 jaribio la watu 621 lilithibitisha, na mwezi Novemba 2015 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa pumu kali ya eosinofili. Nyingine za jamii yake zikafuata.

Baada ya hapo mjadala wa Orie ukafufuka ukiwa na sura mpya. Mwaka 2016 Alvar Agustí wa Barcelona na wenzake kutoka nchi mbalimbali walipendekeza daktari aache kuanza na swali la kama huyu ana pumu au ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule unaofahamika kwa kifupi kama COPD. Aanze kwa kuorodhesha sifa zinazotibika alizo nazo mtu aliye mbele yake: eosinofili, misuli ya njia za hewa inayobana, bakteria waliopiga kambi kifuani, sigara, moshi, unene, kiungulia, sonona, namna anavyoivuta dawa yake. Kila sifa ina kipimo chake na tiba yake. Mwaka uliofuata tume ya The Lancet chini ya Pavord iliandika kuwa maneno pumu na COPD yenyewe yamezeeka, na kwamba kuendelea kuyatumia kama utambuzi kamili kunazuia maendeleo. Kauli hiyo ni kali, na inastahili kusikilizwa, maana imetolewa na watu walioona dawa njema ikikaribia kuzikwa kwa sababu ya neno.

COPD yenyewe ilichelewa kufikiwa. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa ni ugonjwa wa wavuta sigara usio na eosinofili, na kila aliyezidiwa alipewa prednisoloni kwa siku kadhaa. Mona Bafadhel, aliyeanza kazi hiyo Leicester, alionyesha mwaka 2012 kwamba tone la damu lingeweza kuwatenga wanaohitaji vidonge na wasiovihitaji. Mwaka 2024 kundi lake lilitoa matokeo ya wagonjwa 158 wa pumu na COPD waliozidiwa huku eosinofili zao zikiwa juu. Baadhi walipewa prednisoloni, wengine sindano moja ya benralizumabu, dawa ya jamii ya mepolizumabu, yenyewe peke yake au pamoja na vidonge. Baada ya siku 90, tiba ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 74 ya waliopewa prednisoloni pekee, na kwa asilimia 45 ya waliopata sindano.

Sindano hizi zilipoingia sokoni Marekani, bei ya mepolizumabu ilikuwa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Kwa mtu wa Masindi, magharibi ya Uganda, hiyo si habari ya tiba. Huko Masindi, watafiti wa Uholanzi na Makerere, akiwemo Bruce Kirenga, walipima pumzi za watu wa miaka 30 na zaidi vijijini, na mwaka 2015 wakaripoti kuwa asilimia 16.2 walikuwa na COPD. Wanawake hawakuwa nyuma ya wanaume. Wengi wa wanawake hao hawakuwa wavuta sigara. Kinachoshukiwa zaidi ni moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha, tangu utotoni. Ongeza makovu ya kifua kikuu, ambayo huacha maelfu ya watu wa Afrika Mashariki wakiwa wamepona vimelea lakini hawana pumzi, kisha wakatibiwa kama wenye pumu kwa miaka.

Hata tone la damu lililofanya kazi Leicester halisomwi vilevile kando ya Ziwa Viktoria. Minyoo na kichocho huzipandisha eosinofili za damu, na mtu anaweza kuwa nazo nyingi bila kifua chake kuhusika. Makohozi yako karibu zaidi na ugonjwa wenyewe. Na vifaa vya kuyasoma havitoki mbali. Hadubini imo katika vituo vya afya vingi kwa ajili ya malaria na kifua kikuu. Rangi ya Giemsa, inayotumika kila siku kutafuta vimelea vya malaria, ina eosini ndani yake, ileile aliyoitumia Ehrlich mwaka 1879, na inazipaka eosinofili vizuri. Prednisoloni ni miongoni mwa vidonge rahisi kabisa katika duka la dawa.

Ila kikopo cha makohozi kikifika maabara, swali linaloulizwa ni moja: kuna vimelea vya kifua kikuu au hakuna. Tena siku hizi mahali pengi swali hilo linajibiwa na mashine ya jeni, na kioo hakipakwi kabisa. Jibu likija hakuna, mgonjwa aliyekohoa kwa miezi hupewa antibayotiki nyingine na kurudi nyumbani, na makohozi yake hutupwa kabla ya mtu kuangalia yalikuwa na nini kingine. Kumfundisha mpimaji wa maabara kutambua eosinofili hakuhitaji kiwanda wala mkopo wa taifa. Kunahitaji mtu wa kuamua kuwa kifua kisicho na kifua kikuu nacho kina haki ya kuchunguzwa, muda wa ziada kwa kila kioo, na mstari mmoja zaidi kwenye fomu ya majibu.